Kapo ifunguliwe toka ndani: namna ya kuweka kable ku kamyoneti ya zamani ya koperative

Wandugu wanamemba, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, udongo na magonjwa ya mihogo. Leo tunazungumza juu ya kapo ya gari. Wengine watauliza: agronome anatafuta nini chini ya kapo? Jibu ni fupi. Kazi yetu haiishie shambani. Inaishia siku mavuno yanafika ku depo au ku soko yangali mazuri, na kati ya shamba na soko, mara nyingi kuko kamyoneti moja tu ya zamani, ya watu wote.

Tufikiri kidogo. Matunda mekundu ya kahawa, yale tunaita serize, yanapashwa kumenywa siku ile ile yamechumwa. Yakilala mu mifuko, yanaanza kuchacha na harufu mbaya inaingia mpaka ndani ya kahawa. Muhogo mubichi, ukisha kungolewa, unaanza kuharibika ndani ya siku mbili ao tatu. Maziwa hayangojei hata nusu siku kama hakuna baridi. Basi, kama asubui shofere anakuta batri imeibiwa usiku, hasara si bei ya batri tu. Ni mavuno ya familia makumi mbili ao makumi tatu yenye kungojea pembeni ya njia.

Na batri inaibiwa kwa urahisi sana juu ya sababu moja: kamyoneti nyingi za zamani zinafunguliwa kapo kwa inje.

Shida iko wapi

Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na kamyoneti za namna hiyo za miaka ya 1970 na 1980 zingali zinatembea ku njia zetu. Kati yazo, zile za bei ya chini kuko zenye zilitoka kiwandani bila mpini wa kapo ndani ya kabini. Unaingiza mkono mbele, kati ya vyuma vya kalandra, unavuta kishikio kidogo, kapo inafunguka. Si shofere tu anajua hiyo. Mwizi naye anajua. Ufunguo wa gari unaweza kuwa mu mfuko wa presida wa koperative, milango yote ikafungwa, na bado mtu anatosha batri ndani ya dakika chache.

Kuna koperative zenye zilijibu shida hii kwa kufunga kapo na mnyororo na kadena. Inasaidia usiku, lakini mchana inaleta hatari ingine. Moto ukianza ndani ya moteri, ao maji ya radiateri yakichemka, shofere anapashwa kufungua mara moja. Akianza kutafuta ufunguo wa kadena, na ufunguo umebaki ku ofisi, gari inaungua mbele ya macho yake. Tena, shofere mwenye kuchoshwa na kadena anaacha kupima mafuta na maji kila asubui. Hapo moteri yenyewe njo inalipa.

Dawa nzuri ni kuweka kable yenye kufungua kapo toka ndani ya kabini, sawa vile gari za kisasa ziko. Kazi hii si ngumu. Fundi mmoja na msaidizi mmoja wanaweza kuimaliza kwa siku moja kama vyombo viko tayari. Lakini iko na sheria mbili zenye hazivunjwe: kapo isifunguke yenyewe ku njia, na isikatae kufunguka wakati inahitajika. Maelezo yote ya chini yanatoka mu hizo sheria mbili.

Namna kufuli ya kapo inafanya kazi

Fungua kapo na uangalie mbele kabisa, juu ya radiateri. Kwa kawaida utaona vitu viwili. Cha kwanza ni kufuli kubwa: kinywa cha chuma chenye resori, chenye kinakamata chuma kilichoshuka toka ku kapo. Cha pili ni ndoano ya usalama. Hii inakamata kapo kama kufuli kubwa imeachia kwa bahati mbaya. Kapo inainuka kidogo tu, inabaki imeshikwa, na shofere anaona kwamba kuko shida.

Ndoano hii inalinda maisha. Kapo imefungwa mbele, na bawaba ziko nyuma, karibu na kiyo. Ikifunguka gari ikiwa ku mwendo, upepo unaingia chini yake na unaitupa ku kiyo. Shofere haone tena njia. Kwa hiyo:

Kable ya ndani inapashwa kuvuta kufuli kubwa peke yake. Usiifunge hata kidogo ku ndoano ya usalama. Ndoano itabaki ya kufunguliwa na kidole, mbele ya gari, kisha gari kusimama.

Kama kufuli ya gari yenu haina ndoano ya usalama, ao imevunjika, msianze na kable. Tafuteni kwanza kufuli nzima yenye ndoano.

Sasa kable yenyewe. Kila mtu mwenye kutumia baiskeli anaijua tayari. Freni ya baiskeli iko na waya wa chuma ndani, na ganda gumu inje. Ukivuta waya, ganda linapashwa kubaki fasi yake, juu limezuiliwa pande zote mbili. Kama ganda halikuzuiliwa, waya na ganda vinatembea pamoja na freni haikamate kitu. Ku kapo ni vile vile. Kable nyingi zenye zilikataa kufanya kazi hazikuwa mbaya. Ganda lao tu halikufungwa vizuri upande wa kufuli.

Kutafuta vyombo

Njia ya kwanza, na njo nzuri zaidi, ni kupata vyombo vya asili: mpini, kable na kufuli, toka ku gari ya namna moja na ya miaka ile ile yenye ilikwisha kufa. Nendeni ku garaji na ku fasi wanauza vipande vya magari ya zamani, mukiwa na picha ya kufuli yenu mu telefone. Ombeni vyote vitatu pamoja, na visi vyake. Kufuli yenye ilitengenezwa kwa kuvutwa na kable iko na fasi ya kuzuilia ganda; ile ya kishikio cha mbele mara nyingi haina.

Angalieni jambo moja. Kongo tunaendesha kuume kwa njia, na volani inapashwa kuwa kushoto. Lakini mashariki tuko na gari nyingi zenye zilipitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na volani yao iko kuume, juu Kenya, Uganda na Tanzania wanaendesha kushoto. Kable ya gari yenye volani kuume inaweza kuwa fupi ao ndefu kuliko ile munahitaji. Basi pimeni mbele ya kulipa.

Njia ya pili, kama vyombo vya asili havipatikane, ni kable ya pikipiki ya freni ao ya ambreyaji. Kable ya vitesi ya baiskeli ni nyembamba sana, itakatika. Kable ya freni ya nyuma ya baiskeli iko na nguvu zaidi, lakini mara nyingi urefu hautoshi. Na msiunganishe kable mbili. Fasi ya kuunganisha njo itaachia, tena siku ya mvua.

Vyombo vya kazi ni hivi: kle ya 10 na ya 12, turnevisi ya bapa na ya msalaba, pensi yenye kukata, kamba ya kupimia, perseze na tupa, rangi ya kuzuia kutu, kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, vifungo vya kukamata ganda ku tole, na mafuta safi ya moteri kidogo.

Kazi yenyewe

1. Simamisha gari fasi sawa, zima moteri, ngoja ipoe. Tegemeza kapo vizuri na fimbo yake. Kisha fungua kichwa cha batri cha upande wa (−). Hii usiiruke: utapitisha chuma kirefu karibu na batri.

2. Pima njia ya kable. Chukua kamba, anza fasi mpini utakaa chini ya tablo upande wa shofere, pita mu ukuta wa chuma kati ya kabini na moteri, fuata pembeni ndani ya tole ya gurudumu, fika ku kufuli. Ongeza santimetre 10 mpaka 15. Wakati unapima, angalia vitu vinne vya kukimbia: bomba ya moshi, kwa moto wake, feni na mikanda yake, chuma cha volani na pedali, na kichwa cha batri cha (+). Ganda la kable nyingi liko na chuma ndani. Likisuguliwa siku zote na kichwa cha (+), mpira unaisha, chuma kinagusa, moto unawaka. Kama batri iko upande ule kable inapita, pitisha kable chini na mbali, ao peleka upande mwingine wa gari.

3. Tafuta tundu. Ku ukuta wa kabini kuko tayari matundu yenye waya za taa zinapita, na mara nyingine kuko lenye limezibwa na kifuniko cha mpira. Tumia hilo kwanza. Kama inapashwa kutoboa, angalia pande zote mbili mbele ya kuwasha perseze, juu nyuma yake panaweza kuwa waya ao bomba ya freni. Toboa tundu lenye kutosha ganda na mpira wake, si zaidi. Piga tupa ku midomo ya tundu, paka rangi, na uweke mpira wa kulinda ganda. Kama mpira wa duka hakuna, kata vipande viwili ao vitatu vya mpira wa ndani wa gurudumu, ukaze vizuri. Tole tupu inakata ganda sawa kisu, na maji ya mvua yataingia ku miguu ya shofere.

4. Funga mpini. Uweke ku chuma kigumu chini ya tablo, si ku plastiki. Kaa ku kiti, kanyaga pedali zote tatu, geuza volani mpaka mwisho. Goti ao mguu usiguse mpini hata mara moja. Mpini wenye kuvutwa na goti ku njia ya mashimo ni hatari kubwa kuliko mwizi.

5. Pitisha kable. Ilete kwa mapindo makubwa, ya pole pole. Pindo lisiwe dogo kuliko mdomo wa sahani ndogo. Kila pindo kali linaongeza uzito ku mkono na linakula waya. Kamata ganda ku tole kila santimetre 30 hivi, lakini usilifinye. Likifinywa, waya ndani hautembee.

6. Funga upande wa kufuli. Zuia ganda kwanza ku kipande cha chuma chenye kimefungwa na buloni karibu na kufuli. Waya ukitoka mu ganda uende moja kwa moja ku ulimi wa kufuli, bila kupinda. Ukamate waya na kifungo cha buloni na ekru sawa kile cha freni ya baiskeli. Usiufunge fundo: fundo linateleza. Kisha kata waya wenye kubaki na uufinye ncha, ili usifumuke na kuchoma vidole.

7. Rekebisha. Acha waya ulegee kidogo, milimetre 2 ao 3, wakati mpini umerudi. Kama waya umekazwa sana, kufuli haifunge mpaka mwisho na kapo itafunguka ku njia. Kama umelegea sana, mpini unafika mwisho na kufuli haijaachia. Pima namna ulimi wa kufuli unatembea mpaka inaachia: kama ni milimetre 15, mpini unapashwa kuvuta zaidi ya 15.

8. Jaribu kapo ikiwa wazi. Hii njo hatua yenye watu wanasahau juu ya haraka. Chukua turnevisi, uisukume mu kinywa cha kufuli mpaka ifunge, sawa vile chuma cha kapo kingefanya. Msaidizi avute mpini. Kufuli iachie, na resori irudishe ulimi yenyewe bila kusaidiwa. Fanya hivyo mara kumi. Kama mara moja tu imekataa, usifunge kapo. Tafuta sababu: pindo kali, ganda lenye kutembea, kutu mu kufuli.

9. Weka waya wa pili. Mbele ya kufunga kapo mara ya kwanza, funga ku ulimi wa kufuli waya mwingine mgumu, uushushe chini nyuma ya parshoki, fasi yenye haionekane na mkono wa inje haufike bila kulala chini. Siku kable kubwa itakatika, waya huu njo utafungua kapo bila kukata kalandra. Fasi yake ijulikane na shofere na watu wawili wa komite, basi.

10. Tosha kishikio cha zamani cha mbele. Ukikiacha, kazi yote ni bure. Kitoshe kabisa, na ufunike fasi ile na kipande cha tole ili vidole visifike ku kufuli. Lakini ndoano ya usalama ibaki yenye kufikiwa kapo ikisha kuinuka kidogo.

11. Rudisha kichwa cha (−), funga kapo, jaribu kuiinua na mikono miwili. Vuta mpini: kapo inapashwa kuinuka kidogo na kukamatwa na ndoano. Funga tena. Kisha endesha pole pole kilometre chache ku njia yenye mashimo, simama, angalia kama kitu hakikusogea. Hapo tu gari inaweza kubeba mzigo.

Kama kable imekatika

Usipige kapo na nyundo. Mara nyingi waya unakatika karibu na mpini: ukamate na pensi ndani ya kabini, uvute. Kama haifungue, mtu wa pili asukume kapo chini na mikono juu ya kufuli wakati wewe unavuta. Hii inapunguza uzito ku kinywa cha kufuli, na mara nyingi inatosha. Kama bado, tumia waya wa pili wa chini. Na gari isitembee na kapo yenye kufungwa na kamba mpaka ku soko ya mbali. Itengenezwe kwanza.

Kutunza

Mavumbi ya kiangazi na matope ya mvua njo adui ya kable. Kila miezi mitatu, tia matone ya mafuta safi ya moteri ku ncha ya juu ya ganda, uvute mpini mara nyingi ili yashuke. Mafuta yenye kutoshwa mu moteri usiyatumie. Iko na uchafu wenye kukula waya. Ku kufuli, osha kwanza na petroli ya taa, pangusa, kisha paka grisi kidogo. Angalia kama waya umeanza kufumuka. Uzi mmoja ukisha kukatika, kable ibadilishwe wiki ile, juu zingine zitafuata.

Mambo ya kuamua mu mkutano

Kable haizuie kila mwizi. Mwenye kuvunja kiyo ataifikia. Kwa hiyo kuko mambo yenye komite inapashwa kuamua pamoja na wanamemba.

Ya kwanza ni milango. Mpini wa ndani hauna maana kama mlango wa shofere haufungike na ufunguo. Kama kufuli ya mlango imekufa, anza na hiyo.

Ya pili ni batri yenyewe. Ikazwe na chuma chake, na alama ya koperative iandikwe juu yake na rangi. Batri yenye kutikisika inakufa mbio, na yenye alama ni ngumu kuuza.

Ya tatu ni daftari ya gari. Muandike siku kable iliwekwa, nani aliiweka, vyombo viligaramia ngapi, na siku ya kutia mafuta. Shofere akibadilika, mupya aonyeshwe mpini, ndoano na waya wa pili mbele ya kupewa ufunguo.

Ya ine ni feza. Muweke mezani bei ya kable na kazi ya fundi, kisha bei ya batri mupya, kisha bei ya siku moja ya mavuno yenye kuoza. Mwekahazina asome hesabu hizo tatu kwa sauti mbele ya wote. Inaonekana mbio ile yenye kulemea.

Na mbele ya msimu wa kahawa kuanza, wajumbe wawili waende kwa shofere asubui moja na wamuombe avute mpini mbele yao. Kama kapo inainuka kidogo na ndoano inaikamata, gari iko tayari kwenda kutafuta serize. Kama haiinuke, ao ndoano haikamate, ibaki ku garaji siku ile.